Usomaji wa Sauti Darasani katika Mazingira ya Mpakani: Ufafanuzi kwa Kurejelea Kasesya, Ufipa

IKISIRI

Makala hii inafafanua nafasi ya usomaji wa sauti katika kufundisha kusoma Kiswahili kwenye madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi. Mazingira yanayorejelewa ni ya Kasesya, kituo cha mpakani kati ya Tanzania na Zambia kilichopo wilayani Kalambo, mkoani Rukwa. Hoja kuu ni kwamba usomaji wa sauti ni istilahi moja inayobeba matendo kadhaa tofauti, na kwamba mjadala wa ama uendelezwe ama uachwe hauna tija mpaka matendo hayo yatenganishwe. Makala inaonesha kwamba usomaji wa pamoja na usomaji wa kupokezana, ambao ndio uliozoeleka, huweza kumficha mwanafunzi asiyejua kusoma. Aidha, usomaji wa jozi, usomaji wa kurudiarudia na usikilizaji wa mwanafunzi mmojammoja humdhihirisha mapema. Makala inahitimisha kwa kupendekeza utaratibu unaotekelezeka katika darasa kubwa lenye vitabu vichache.

Maneno muhimu: usomaji wa sauti, usimbuaji, ufasaha, ufahamu, lugha ya kwanza, Kasesya

1.0 Utangulizi

Mtu apitaye nje ya darasa la kwanza au la pili katika shule nyingi za Tanzania husikia sauti za watoto kabla hajawaona. Mwalimu hutamka sentensi iliyo ubaoni, nao watoto huirudia kwa pamoja. Sauti hiyo huchukuliwa kuwa dalili ya darasa linalojifunza. Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, sauti hiyo inathibitisha kwamba kila mtoto anasoma?

Swali hili lina uzito. Tathmini ya kwanza ya Uwezo nchini Tanzania, iliyofanyika mwaka 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani na kumsikiliza kila mmoja akisoma, ilionesha kuwa takriban wanafunzi 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu walimudu kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa wamekaa darasani kwa zaidi ya miaka miwili, na bila shaka wengi wao walikuwa wameitikia sentensi za ubaoni mara nyingi. Hivyo, walisikika kila siku bila kusikilizwa. Hatua zilizofuata, hususani mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) ulioanza kutumika kwa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015, zilielekeza sehemu kubwa ya muda wa masomo kwenye stadi hizo. Hata hivyo, muda peke yake hautoshi iwapo namna ya kuutumia haijafafanuliwa.

2.0 Dhana ya Usomaji wa Sauti na Aina Zake

Katika makala hii, usomaji wa sauti una maana ya kuyageuza maandishi kuwa matamshi yanayosikika. Fasili hii inatenga mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mosi, kutamka sentensi iliyokaririwa huku macho yakiwa kwingine si kusoma. Pili, kutamka maandishi kwa usahihi si lazima kuambatane na kuyaelewa.

Kwa kuzingatia nani anasoma na nani anasikiliza, aina tano zinaweza kubainishwa. Katika usomaji kielelezo, mwalimu husoma na wanafunzi hufuatilia kwa macho. Katika usomaji wa pamoja, darasa zima hutamka kwa wakati mmoja. Katika usomaji wa kupokezana, mwanafunzi mmoja husimama na kusoma aya au sentensi, kisha hukaa na kumpisha mwingine. Katika usomaji wa jozi, wanafunzi wawili husomeana kwa zamu. Mwisho, katika usomaji wa kurudiarudia, mwanafunzi husoma kifungu kifupi kilekile mara kadhaa hadi akimudu.

Msingi wa kinadharia wa aina hii ya mwisho umewekwa na LaBerge na Samuels (1974), wanaoeleza kwamba uangalifu wa msomaji una kikomo. Mtoto anayetumia nguvu zake zote kuunganisha silabi habakiwi na nguvu za kufikiria maana. Utambuzi wa maneno ukishakuwa wa papo kwa papo, uangalifu huachwa huru kwa ajili ya ufahamu. Samuels (1979) aliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha kurudia hadi wafikie kasi iliyokusudiwa, na akabaini kuwa faida ilivuka kifungu hicho: kila kifungu kipya kilianza kusomwa kwa kasi kubwa kuliko kilichotangulia. Jopo la Kitaifa la Usomaji la Marekani lilifikia hitimisho la mwelekeo huohuo mwaka 2000, kwamba usomaji wa sauti unaorudiwa na kuongozwa huimarisha utambuzi wa maneno, ufasaha na ufahamu. Ieleweke kuwa hitimisho hilo halikuhusu usomaji wa kupokezana, ambao Opitz na Rasinski (1998) waliukosoa kwa hoja kwamba humpa kila mwanafunzi muda mdogo mno wa kusoma.

3.0 Mazingira ya Kiisimu ya Kasesya

Kasesya ipo kusini mwa uwanda wa juu wa Ufipa, kwenye njia inayotoka Sumbawanga kupitia Matai kuelekea Mbala nchini Zambia. Lugha za jamii zinazosikika katika ukanda huu ni Kifipa, Kimambwe na Kirungu, ambazo katika uainishaji wa Guthrie ni M13, M15 na M14 kwa mfuatano huo. Kiswahili ni lugha ya ofisi, ya biashara, ya ibada kwa sehemu kubwa na ya shule. Upande wa pili wa mpaka, Kibemba ndicho lugha ya mawasiliano mapana.

Mpaka huu unawagawa watu wa lugha moja katika mifumo miwili ya kujifunza kusoma. Mtoto wa Kimambwe aliyepo Tanzania huanza kusoma kwa Kiswahili. Ndugu yake aliyepo Zambia, ambako tangu mwaka 2014 madarasa ya mwanzo yalielekezwa kufundishwa kwa lugha za Kizambia, huanza kwa Kibemba, kwani Kimambwe na Kirungu havimo katika orodha ya lugha saba zinazotumika shuleni nchini humo. Kwa hiyo, watoto wote wawili hujifunza kusoma katika lugha ya Kibantu iliyo jirani na lugha ya nyumbani, ila si lugha ya nyumbani.

Gough na Tunmer (1986) wanaueleza ufahamu wa kusoma kuwa ni zao la mambo mawili: usimbuaji wa maandishi na uelewa wa lugha inayosemwa. Kimoja kikiwa sifuri, zao lote ni sifuri. Katika darasa la mpakani, mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka mkoa mwingine aweza kuwa na Kiswahili kingi na usimbuaji hafifu. Mtoto wa mkulima wa kijijini aweza kuwa kinyume chake: anasimbua kila neno bila kujua nusu ya maana zake. Wote wawili watapata alama duni katika zoezi la ufahamu la kuandika. Dawa ya mmoja ni mazoezi ya kusoma, na dawa ya mwingine ni mazungumzo na msamiati. Zoezi la maandishi halimwambii mwalimu yupi ni yupi, ilhali kumsikiliza mtoto akisoma na kisha kumwomba asimulie alichosoma humwambia.

4.0 Kile Ambacho Sauti Hudhihirisha

4.1 Uhusiano wa herufi na sauti

Othografia ya Kiswahili ni wazi kwa kiasi kikubwa: herufi au kikundi cha herufi huwakilisha sauti ileile karibu kila mahali, na silabi nyingi huishia na irabu. Seymour, Aro na Erskine (2003), katika utafiti wao wa lugha za Ulaya, walionesha kuwa watoto wanaojifunza kwa othografia ya namna hii humudu usimbuaji mapema kuliko wanaojifunza kwa Kiingereza. Hata hivyo, uwazi si wepesi wa moja kwa moja. Alcock na Ngorosho (2003) walichunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania na kuonesha kwamba hata lugha yenye tahajia ya kawaida huhitaji kufundishwa kwa makini.

Jina la Kasesya lenyewe ni mfano mzuri. Silabi *sya* haimo katika chati za silabi za Kiswahili sanifu, ambazo zina *sha*. Ndiyo maana jina hilo huonekana pia likiandikwa Kasesha. Mtoto anayesoma bango la mahali anapoishi anakutana na silabi ambayo mwalimu hakumfundisha, naye huimudu kwa sababu analijua jina. Hapa panadhihirika jambo muhimu: mtoto aweza kutamka sahihi kwa kukisia kutokana na anachokijua, si kwa kusoma. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto anasimbua hana budi kumpa, pamoja na maneno aliyoyazoea, maneno asiyoyatarajia.

4.2 Athari ya lugha ya kwanza

Upambanuzi wa /l/ na /r/ ni eneo linalozua makosa mengi ya matamshi. Jina la jamii mojawapo ya ukanda huu huandikwa Warungu upande wa Tanzania na Lungu upande wa Zambia, jambo linaloashiria kuwa sauti hizo mbili hazitengani daima katika lugha za eneo hili. Katika Kiswahili, utengano huo hubeba maana: *kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*. Mwanafunzi akisoma *karamu* mahali palipoandikwa *kalamu*, mwalimu ana maelezo mawili mbele yake. Pengine mtoto ameshindwa kuitambua herufi. Pengine ameitambua, ameelewa kuwa ni kifaa cha kuandikia, na ulimi wake umeitamka kwa mazoea ya nyumbani. La kwanza ni kosa la kusoma, na la pili ni suala la matamshi. Njia ya kutenganisha ni rahisi: mwalimu humwomba mtoto aioneshe kalamu. Akiionesha, amesoma. Kumkatiza na kumkosoa kila mara kwa kosa la namna hii humfundisha kuwa kusoma ni kuogopa.

Mkazo nao huhitaji kusikika. Kifipa, Kimambwe na Kirungu ni lugha za toni, wakati Kiswahili sanifu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo husogea kadiri neno linavyorefuka: katika *soma* upo kwenye *so*, katika *someni* upo kwenye *me*, na katika *somesheni* upo kwenye *she*. Mtoto anayesoma silabi moja baada ya nyingine kwa uzito sawa bado hajalikusanya neno. Anayeweka mkazo mahali pake ameliona neno zima kabla ya kulimaliza. Kwa hiyo mkazo ni kipimo cha ufasaha ambacho mwalimu anaweza kukitumia bila kifaa chochote.

4.3 Kiimbo na alama za uandishi

Kiswahili huweza kutofautisha taarifa na swali kwa kiimbo pekee. *Juma amekuja.* na *Juma amekuja?* ni maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na alama ya mwisho ndiyo inayomwelekeza msomaji apandishe au ashushe sauti. Vilevile, *Mwalimu anasema mtoto hajafika* inamhusu mtoto asiyefika, lakini *Mwalimu, anasema mtoto, hajafika* inamhusu mwalimu. Mwanafunzi aliyeelewa muundo huusikilizisha kwa kituo chake, naye asiyeelewa huzisoma sentensi zote mbili sawasawa. Usomaji kimya hauwezi kumwonesha mwalimu tofauti hii.

4.4 Urefu wa maneno na suala la kasi

Kipimo cha idadi ya maneno sahihi kwa dakika, kinachotumika katika tathmini nyingi za usomaji wa awali, kinapaswa kutumiwa kwa tahadhari katika Kiswahili. Neno *hawakutuletea* lina silabi saba na hubeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na unyambuaji. Ni sentensi kamili iliyoandikwa bila nafasi katikati. Mtoto wa Kasesya anayesoma maneno machache kwa dakika kuliko mtoto wa lugha yenye maneno mafupi huenda amesoma silabi nyingi zaidi. Inafaa kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwa kifungu cha ugumu ulio sawa, kuliko kumlinganisha na kiwango kilichobuniwa kwa lugha nyingine.

5.0 Upungufu wa Utaratibu Uliozoeleka

Usomaji wa pamoja una faida zake. Humpa mtoto mwoga mahali pa kujifichia wakati bado anajaribu, humjengea matamshi na kiimbo, na huwezekana hata pasipo na vitabu. Upungufu wake unatokana na faida hiyohiyo: maficho. Mtoto aliyechelewa husikia neno kutoka kwa wenzake robo ya sekunde kabla ya kulitamka, akaonekana anasoma nao. Akifanya hivyo mwaka mzima, anakuza kumbukumbu ya kusikia, si kusoma.

Usomaji wa kupokezana hauna maficho hayo, ila una tatizo la hesabu. Katika darasa la wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 30, hata kama hakuna sekunde inayopotea, kila mwanafunzi hupata takriban sekunde 22. Wengine 79 husubiri. Aidha, wanaojua kusoma huhesabu zamu na kujiandaa kwa sentensi yao pekee, nao wasiojua huhesabu zamu kwa hofu. Kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani, kicheko cha darasa kwa *r* iliyogeuka *l* chaweza kuwa sababu ya kutofika shule siku ya somo la kusoma.

Tatizo la tatu linahusu maswali yanayofuata usomaji. Tuchukue sentensi hii ya kubuni isiyo na maana yoyote: *Mtodo alimgeka mkuzo bondeni.* Tukiuliza *Nani alimgeka mkuzo?*, mwanafunzi yeyote anayetambua umbo la sentensi ya Kiswahili atajibu *Mtodo*. Tukiuliza *Alimgeka wapi?*, atajibu *Bondeni*. Atapata alama zote bila kuelewa lolote, kwa sababu hakuna la kueleweka. Maswali ya namna hii hupima uwezo wa kunukuu. Kwa mtoto wa mpakani mwenye usimbuaji mzuri na msamiati mdogo, maswali hayo huficha pengo ambalo litajitokeza Darasa la Tatu na kuendelea, pale anapotakiwa kusoma ili ajifunze masomo mengine.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Jamii ya Tanzania si ngeni kwa usomaji wa sauti wenye kusudi. Katika kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973, vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza redio, vikasomewa vijitabu na wale waliojua kusoma, kisha vikajadili na kuamua la kufanya. Vilevile, mashairi na tenzi za Kiswahili hukamilika zinapoghaniwa. Katika mifano yote miwili, msomaji husoma kwa sababu kuna msikilizaji anayehitaji kusikia. Darasani, hali huwa kinyume: mwanafunzi humsomea mwalimu ambaye tayari anayajua maneno, mbele ya wenzake ambao nao wanayatazama. Kurejesha msikilizaji wa kweli ndiyo kanuni ya kwanza ya utaratibu unaopendekezwa.

Kipindi cha dakika 30 chaweza kugawanywa kama ifuatavyo. Katika dakika 5 za kwanza, mwalimu huzungumza na darasa kuhusu maneno matatu au manne ya kifungu, akiruhusu wanafunzi kutaja visawe vyake kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu asiyejua Kimambwe au Kifipa hatapoteza hadhi yake kwa kuwauliza. Katika dakika 5 zinazofuata, husoma kifungu kwa kielelezo huku wanafunzi wakifuatilia kwa kidole, kisha darasa husoma pamoja mara moja. Dakika 10 huwa za usomaji wa jozi, ambapo kila mmoja humsomea mwenzake kifungu mara mbili au zaidi. Kwa kuwa jozi 40 husoma kwa wakati mmoja, kila mwanafunzi hupata takriban dakika 5 za kusoma yeye mwenyewe, ambazo ni zaidi ya mara 13 ya sekunde 22 zilizotajwa awali. Kitabu kimoja kwa wawili kinatosha, na pasipo na vitabu, kifungu cha sentensi tano kilichoandikwa ubaoni kinatosha pia. Dakika 10 za mwisho ni za kusimulia na kuandika.

Wakati wa usomaji wa jozi, mwalimu huwa huru. Hapo huketi na wanafunzi wanne, mmoja baada ya mwingine, akimsikiliza kila mmoja kwa dakika moja. Kwa siku tano za wiki atakuwa amesikiliza wanafunzi 20, na kwa wiki nne darasa zima la wanafunzi 80. Katika daftari lake huandika mambo matatu tu: silabi zilizomshinda mwanafunzi, kama mkazo na vituo vinasikika, na kama ameweza kusimulia alichosoma. Inapobidi, mwanafunzi husimulia kwa lugha ya nyumbani na mwenzake hutafsiri. Safu hizo tatu ndizo zinazotenganisha watoto wa aina mbili waliotajwa katika sehemu ya 3.0.

Kuhusu kusahihisha, mwalimu na mwanajozi hufundishwa kanuni moja: subiri. Mwanafunzi anapokwama hupewa muda wa kujaribu kabla ya kuambiwa. Kosa linalobadili maana hurekebishwa, na kosa la matamshi lisilobadili maana huachwa hadi mwisho na kufanyiwa zoezi la darasa zima, bila kumtaja aliyelifanya.

Utaratibu huu una mipaka yake. Kelele za jozi 40 zinaweza kulalamikiwa na darasa la jirani, hasa pale kuta zisipofika juu. Jozi ya wanafunzi wawili wasiojua kusoma haitafika popote, hivyo mwalimu hana budi kuzipanga kwa kutumia daftari lake na si kwa jinsi walivyokaa. Aidha, kadiri ufasaha unavyokua, kuanzia Darasa la Tatu na la Nne, usomaji kimya unapaswa kuchukua nafasi kubwa zaidi. Sauti ni ngazi; mwanafunzi akishapanda hana sababu ya kuendelea kusimama juu yake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa thamani ya usomaji wa sauti hutegemea nani anasoma, kwa muda gani, na nani anasikiliza. Usomaji wa pamoja hufaa kuanzishia somo, si kulithibitishia. Usomaji wa kupokezana katika darasa kubwa humpa mwanafunzi sekunde chache na fedheha nyingi. Usomaji wa jozi, unaoambatana na mwalimu anayesikiliza wanafunzi wachache kila siku, huongeza muda wa kusoma na wakati huohuo humpa mwalimu taarifa ambazo zoezi la maandishi haliwezi kumpa.

Katika eneo kama Kasesya, ambako Kiswahili cha shule hukutana na Kimambwe, Kirungu, Kifipa na Kibemba, taarifa hizo zina uzito wa pekee. Mtoto anayevuka Darasa la Pili bila kujua kusoma hataachwa nyuma kwa kelele. Ataendelea kuitikia pamoja na wenzake, na kimya chake kitasikika siku atakapopewa kifungu akisome peke yake. Kumsikiliza mapema, kwa dakika moja kila mwezi, ni gharama ndogo. Watafiti watakaofuata wanahimizwa kuupima utaratibu huu katika madarasa ya pande zote mbili za mpaka, ili ibainike ni kwa kiasi gani lugha ya kuanzia kusoma, Kiswahili au Kibemba, inabadili matokeo kwa watoto wa jamii moja.